Nani kajengewa ukutani? Kwa nini hatuchoki na hadithi za kutisha



Nina jambo nimekuwa nikilizungusha kichwani siku nyingi, leo nimeona niliweke mbele yenu mlipasue. Hapa Al Khuwair tunakaa kwenye maghorofa yenye lifti na viyoyozi, umeme haukatiki, na Barabara ya Sultan Qaboos inapita hapo chini magari hayanyamazi usiku kucha. Wengi wetu tumesoma, wengine wamesomesha vyuo vikuu. Lakini wakusanye watu kumi wa Unguja na Pemba kwenye ukumbi mmoja, kahawa imiminwe, na mmoja wao aanze tu "kuna nyumba moja pale Shangani...", basi simu zote zinawekwa chini. Hata profesa husogeza kiti. Kwa nini?

Jawabu jepesi ni ushirikina: kwamba tumetoka visiwani lakini visiwa havijatutoka. Jawabu hili mie halinitoshi. Lingekuwa sawa, hadithi hizi zingepungua kila elimu inapoongezeka, na mambo yamekwenda kinyume. Wazungu wenyewe walianza kuandika riwaya za majumba yenye mizuka wakati ule ule waliokuwa wakijivunia akili na sayansi. Mwaka 1764 Horace Walpole, mbunge na mtoto wa Waziri Mkuu, mtu asiyeamini mizuka hata chembe, alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Aliona haya kidogo, kwa hio akajifanya ni tafsiri ya muswada wa kale wa Kitaliana uliokutwa maktabani. Kilipopendwa, mwaka uliofuata akakubali kuwa ni chake, akakiita hadithi ya "kigothiki", na jina likaganda mpaka leo.

Sasa tazameni kisa chenyewe kinahusu nini, kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo. Kofia kubwa ya chuma inamwangukia bwana harusi na kumuua, picha ya ukutani inatoka kwenye fremu yake, kila aina ya vituko. Lakini chini ya vituko hivyo mna kesi ya mirathi. Babu wa yule mwenye ngome alikuwa mtumishi, akampa sumu bwana wake, akaghushi wasia, akairithi nyumba. Mjukuu anakaa ndani ya mali ambayo si yake, na aliyedhulumiwa anarudi kuidai. Ukiondoa radi na ngurumo, mzuka wa Walpole ni mdai ambaye hana mahakama ya kumsikiliza, kwa hio anakuja nyumbani kwenyewe.

Wataalamu wa fasihi watasema nimerahisisha, na kweli nimerahisisha. Lakini chukueni kipimo hicho, mdai asiye na mahakama, muende nacho pwani yetu muone kinavyofanya kazi.

Tuanze na hadithi ambayo wengi tuliipata tukiwa wadogo. Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 ndani ya Swahili Tales, kisha mwaka 1901 Andrew Lang akaiingiza katika kitabu chake cha hadithi za watoto wa Kiingereza. Ni kisa cha Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanashitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, jawabu ni lile lile. Anapanda daraja, ng'ombe, punda, ngamia, mpaka anakula watu, na bado Sultani anasema paka ni wake. Siku anapokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo baba mtu anapokubali kuwa huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wakiniambia hii ni hadithi ya shujaa, yule mtoto mdogo anayekwenda kumsaka nunda. Sawa, shujaa yumo. Lakini kinachotisha kimo nusu ya mwanzo: raia wanaona mnyama anakua mbele ya macho yao, na mwenye nguvu ya kumzuia anajibu kwa lugha ya umiliki. Hakuna mahakama.

Na mumiani? Nadhani huyu ndiye Dracula wetu, ila sisi hatukumtungia riwaya, tulimtia mabarabarani. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa madukani, na ikaaminiwa kwamba inatengenezwa kwa damu ya watu. Zama za ukoloni, kuanzia pwani mpaka Nairobi na Kampala, watu walisema damu inachukuliwa na wazimamoto: wana gari, wana mipira ya maji, wana sare, na hakuna anayejua wanafanya nini moto usipokuwepo. Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huu mwaka 2000, na hoja yake ni kwamba tusiulize kama ni kweli, tuulize watu walikuwa wanasema nini kwa kutumia damu. Mie namuunga mkono. Mtu anayelipishwa kodi ya kichwa na kuchukuliwa kwa kazi ya lazima akisema "wananinyonya damu", si mjinga huyo. Kwa njiani: Dracula wa Bram Stoker alitoka mwaka 1897, mwaka ule ule hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar. Sadfa tu, lakini sadfa tamu kwa mwalimu wa fasihi.

Iko aina ya pili ambayo si ya majumba, ni ya vijiji. Wazungu wa siku hizi wanaipenda mno, na mfano wao mkubwa ni filamu The Wicker Man ya mwaka 1973: askari anakwenda kisiwani kumtafuta mtoto aliyepotea, wanakijiji wote ni wapole, wanaimba, na mwisho wanamchoma moto. Khofu ya hapo haimo kwenye jini. Imo katika kule kukubaliana kwa majirani, kila mtu anajua ila wewe mgeni. Hii sisi tunayo tangu zamani, jina lake ni Giningi. Hamna asiyejua: mji wa wachawi, hauko kwenye ramani, wanakutana usiku, na anayetaka kuingia humo lazima atoe mtu wake wa karibu. Muhammed Said Abdulla alilichukua jina hilo akalitia kwenye riwaya yake Kisima cha Giningi, iliyotoka 1968. Kabla yake alishatoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Mwenye mali anakutwa maiti penye mzimu, watu wote wako tayari kuamini wazee wa kale wamekasirika, na Bwana Msa na kiko chake anasema hapana, hapa pana mkono wa binadamu. Wako wanaomlaumu Muhammed Said kuwa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Mie naona kafanya jambo la maana zaidi. Kauambia umma wa Unguja, miaka michache kabla ya mambo kuchafuka, kwamba ukitafuta mzimu tafuta kwanza nani anarithi.

Mambo yalivyochafuka mnayajua. Ntarudi hapo.

Popobawa siwezi kumruka, ingawa najua baadhi yenu mmechoka naye, khasa kwa vile magazeti ya Ulaya yalivyomfanya kichekesho. Mwaka 1995 khofu ilianzia Pemba, ikavuka Unguja, ikafika mpaka Dar es Salaam. Familia nzima zilitoka nje zikalala uwanjani penye moto. Ilisemwa anawaingilia watu usiku, wanaume kwa wanawake, na ilisemwa vile vile kwamba aliyeingiliwa lazima awaeleze wenziwe, akinyamaza Popobawa anarudi. Tazameni akili ya jambo hilo: hadithi inayobeba ndani yake amri ya kusimuliwa! Na ulikuwa mwaka gani? Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Oktoba 1995. Martin Walsh, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka, ameonyesha jinsi kila upande ulivyoitumia khofu ile kuusema upande wa pili. Wazee wa Pemba waliunganisha na vitimbi kama hivyo vya miaka ya baada ya Mapinduzi. Lakini kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila likitajwa jina hilo, na jina lake mwenyewe silijui. Ni yule mgonjwa wa akili aliyeuliwa na umati mjini Unguja mwaka ule kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Mgeni, peke yake, na majirani wote wamekubaliana. Ndio The Wicker Man, ila hakukuwa na kamera. Anayesema hadithi hizi ni burudani tu amkumbuke yeye.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa Oman tunajifanya kama haya ni ya kisiwani tu. Bahla, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Muscat kwa gari, ngome yake imo katika orodha ya UNESCO tangu 1987, ukuta wake wa udongo unazunguka kiasi cha kilomita 12, na kila Muomani atakwambia ni mji wa sihri. Iko hadithi ya mti wa sokoni uliofungwa minyororo majini wasiuchukue. Hii ni khofu ya kupendeza, ya kusimulia wageni. Lakini iko nyengine ambayo watu hawaisemi kwa sauti kubwa, ya mughayyab, "aliyeghibishwa". Mtu anakufa, anazikwa, anafanyiwa matanga, kisha inasemwa hakufa, mchawi kamchukua, yuko mahali anatumikishwa, kaonekana soko la mji mwengine, hamjui mtu. Mnalisikia neno "msukule" hapo? Bara wanasema hivyo hivyo: aliyezikwa analimishwa shamba la mchawi usiku, hana sauti, hana jina, halipwi. Na Haiti, ng'ambo ya bahari nyengine kabisa, wanaye zombi, aliyezaliwa katika mashamba ya miwa ya Wafaransa.

Mahala patatu, na pote mfu anafanyishwa kazi. Kwa kawaida mfu anataka dua, anataka kafara, anataka haki yake. Huyu anafanya kazi tu. Mie sioni hili laweza kueleweka bila ya utumwa. Mtu kachukuliwa njiani, kwao kafanyiwa tanga, na huku yuko hai analima karafuu au anachota maji kwenye falaj, kapewa jina jengine. Kwa jamaa zake kweli alikuwa mughayyab. Mchawi katika hadithi ni jina la heshima tulilompa mfanyabiashara.

Jokha Alharthi kaliona hili kuliko sisi wanaume wenye shahada. Riwaya yake Sayyidat al-Qamar ilitoka kwa Kiarabu mwaka 2010, na mwaka 2019 tafsiri ya Marilyn Booth ikapata tuzo ya Man Booker International, ya kwanza kwenda kwa mwandishi wa Kiarabu. Ndani yake yumo Zarifa, aliyezaliwa utumwani, anayewapelekea majini chakula ili wasiwadhuru wazazi waliojifungua. Mwandishi kampanga azaliwe tarehe 25 Septemba 1926, siku ile ile ulipotiwa saini Geneva mkataba wa kupinga utumwa. Hapa Oman utumwa ulifutwa 1970. Yaani anayejua njia ya kuwatuliza majini ni yule ambaye sheria ya ulimwengu ilimkomboa siku aliyozaliwa, na khabari haikumfika. Linganisheni na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Ana sura juu ya maradhi na watu wenye pepo, ameieleza vizuri sana. Na ana sura ya kuutetea utumwa. Vyote viwili katika kitabu kimoja, na sidhani aliona kuwa vina uhusiano.

Basi turudi Shangani, kwenye ile nyumba.

Mambo Msiige ilijengwa katikati ya karne ya 19, na hadithi tunaijua sote: udongo ulikandwa kwa mayai maelfu, na ndani ya kuta wakazikwa watu wahai, watumwa, ili nyumba isimame. Hadithi ya namna hiyo inasemwa pia juu ya nguzo za Beit al-Ajaib ya Seyyid Barghash, iliyomalizika 1883. Ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha, simu zetu za hapa Muscat zilijaa picha na machozi siku nzima, na mimi nililia. Sikupata ujumbe hata mmoja uliotaja nguzo. Mambo Msiige leo ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt tangu 2015, na waongozaji watalii wanakisimulia kisa cha ukutani nje ya mlango.

Watu wa baraza zetu hapa Al Khuwair wana hadithi mbili za majumba, na wanazisimulia kwa sauti mbili tafauti. Ya kwanza ni ya nyumba zilizochukuliwa baada ya Januari 1964. Waliohamia walisikia nyayo darini, mlango unajifungua, mtoto anaona bibi wa baibui kakaa kwenye ngazi, mwisho wakahama. Hii tunaisimulia kwa raha, hata wasioamini majini wanaiamini, kwa sababu ndani yake sisi ndio wadai, nyumba imetukumbuka. Ya pili ni ya ukutani. Hapo utasikia "aa, hayo ni maneno ya watalii", "nani kachimba akaona mifupa?", "propaganda ya siasa". Mtaalamu anakuwa mtaalamu ghafla, anataka ushahidi.

Mie sidai kuwa mna mifupa. Nasema kipimo kiwe kimoja. Ukiidai mifupa ya Mambo Msiige, zidai na nyayo za darini. Na kama nyayo unazipokea kuwa ni namna ya watu kusema dhulma waliyotendewa, basi na ukuta upokee hivyo hivyo, kwa sababu dhulma yake haihitaji hekaya kuthibitishwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na lile shimo la Mangapwani lililochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ambamo inaelezwa walifichwa watu biashara ilipokuwa haramu, lipo mpaka leo, unaweza kushuka ngazi ukaingia. Ndani hamna mzuka. Dari ni fupi tu na hewa haitoshi.

Hii ndio sababu, nnavyoona, ya viti kusogezwa "kuna nyumba moja" ikitajwa. Msomaji wa Walpole aliweza kuchagua, ama yuko na mrithi wa dhalimu ama yuko na aliyedhulumiwa. Sisi hatuna hio nafasi. Tumetolewa majumbani mwetu, na majumba yale yalijengwa na watu ambao hawakulipwa. Tena tusizungumze kama kwamba baraza zetu ni za ukoo mmoja: hapa hapa Al Khuwair wamo wajukuu wa waliojenga kuta na wajukuu wa walioamuru zijengwe, wanasali saffu moja, mara nyengine ni mtu yule yule mmoja, babu upande huu na bibi upande ule. Ndio maana hadithi ikifika ukutani mazungumzo huhamia kwenye bei ya pweza.

Watoto wetu wanakua na majini ya filamu, yenye macho mekundu na muziki mkubwa, na Kiswahili chao ni cha kusikia tu. Jini wa filamu hamdai mtu kitu. Wengi hapa wanasikitika kwamba hadithi za bibi zinapotea, na mimi nasikitika pamoja nao, ila nina swali juu ya neno "za bibi". Kwetu Malindi bibi alikuwa na ngano nzuri, lakini za zimwi, zile za kutufanya tusithubutu kushuka chini usiku, zilikuwa za yaya. Na nikiwauliza wenzangu wa rika langu, wengi wanasema hivyo hivyo: yaya, mpishi, mzee wa shamba. Wa kwetu alikuwa na wimbo katikati ya hadithi, zimwi anapokaribia mlango, na maneno yake hayakuwa Kiswahili. Tulikuwa tunaitikia bila ya kufahamu. Niliwahi kumuuliza mama ni lugha gani, akasema ya Nyasa, huko alikotolewa bibi yake. Sauti yake bado ninayo kichwani na naweza kuuimba mpaka mwisho. Kama yupo kati yenu anayejua Kinyanja au Kiyao, nipigie, nikuimbie uniambie zimwi alikuwa anaambiwa nini.